Nyani wa Mwambani na Baba Mkwe

Nyani anajua tofauti ya mwanamke na mwanaume. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nimekuja kuwasingizia wanyama. Mwanaume akikohoa tu pembeni mwa shamba, kundi zima linapanda mwamba. Mwanamke akipiga kelele mpaka koo likauke, wanamtazama, wanajikuna, wanaendelea kumenya mahindi. Nimeyaona huku kijijini Mbebe kwa macho yangu, na hata sasa nikiyakumbuka damu inanichemka.

Lakini aliyenichemsha zaidi alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, maana yeye aliichukua tabia hiyo ya nyani akaifanya sheria ya ukoo.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa mvua, nikiwa nimeshapanda. Matanga yalipoisha, wanaume wa ukoo wakakaa kikao. Mimi sikuwemo, na hapa inabidi nieleze. Nimezaliwa Chapwa, mjini Tunduma, mpakani, ambako mila zimelegea kidogo na baba mkwe unaweza kumwamkia na kumtengea chai. Katika ukoo nilioolewa, huku milimani Ileje, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Ukisikia anakuja unaacha njia, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kumtazama mzee yule usoni. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa namna fimbo yake inavyogonga mawe.

Basi kikao cha kuzungumzia shamba langu kilifanyika sebuleni alikokuwa mzee, na mimi nilikuwa jikoni na mama mkwe, nimeinamia maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua.

"Shamba la mwambani linataka mwanaume," shemeji alisema, na sauti yake ilipenya ukutani vizuri kabisa kwa sababu alitaka ipenye. "Hata nyani wanalijua hilo. Tumwachie msimu huu mmoja. Mahindi yakiliwa, shamba nalichukua mimi, yeye tutampa kile kijaruba cha nyuma ya nyumba alime mboga."

Hakuna aliyepinga. Mzee alikohoa mara moja, na kikohozi si jibu. Mama mkwe alinitazama akasema kwa sauti ya chini, "Usilie, mwanangu."

"Silii, mama," nilimwambia. "Nimekasirika." Na nilikuwa nimekasirika kweli. Shamba lile ndilo lililokuwa likiwalisha wanangu watatu. Kijaruba cha nyuma ya nyumba kingetutosha kwa mchicha na majungu.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, nyani wakaanza kushuka. Makazi yao yalikuwa juu ya korongo, kwenye mwamba na miti mirefu inayouzunguka, ambako walilala wakiwa wameketi, kila mmoja juu ya sugu zake za matakoni ambazo Mungu amewapa badala ya mto wa kukalia. Asubuhi hawana haraka. Wanasubiri jua liwapashe, wanachambuana manyoya, majike wanawanyonyesha watoto weusi wenye nyuso za waridi. Kisha dume kubwa linatangulia. Mabega yake mapana, pua ndefu ya mbwa, mkia umepinda karibu na shina utadhani ulivunjika ukaungwa vibaya. Wengine wanafuata, watoto wakiwa wamepanda migongo ya mama zao. Mmoja hubaki juu ya jiwe kuangalia.

Aliyekuwa akiangaliwa ni mimi. Walijua saa niliyofika, walijua ninapokaa, na moshi wa banda langu ulipopanda mchana walijua nimeinama kupika. Hapo ndipo waliingia. Nyani halaumiwi kwa njaa yake, ila anakera anapovunja hindi, analing'ata mara mbili, analitupa na kuvunja lingine, huku vifuko vya mashavu vimejaa hadi shingoni. Nikikimbilia kona hii wako kona ile. Nikirusha jiwe wanasogea hatua tano, wanakaa.

Nikaamua kuvaa suruali ya mume wangu, koti lake na kofia yake. Ukitaka kunicheka, cheka hapa hapa, kwa sababu kosa nililolifanya ni la mwanamke wa kanisani kabisa. Njia ya kwenda shambani inapita nyumbani kwa mama kiongozi wa kikundi chetu cha akina mama, na mwanamke kuvaa suruali kwetu ni mjadala wa Jumapili nzima. Kwa hiyo juu ya suruali nilijifunga kitenge. Chekundu. Nilifika shambani nikaanza kutembea kwa mikogo ya kiume, mikono nyuma, nikikohoa kwa sauti nzito. Nyani wa zamu alisimama juu ya jiwe, akanitazama, akakaa tena. Nadhani hata yeye aliona aibu kwa niaba yangu.

Siku ya pili nilikivua kitenge nyumbani. Nilipita mbele ya mama kiongozi na suruali yangu, nikamwamkia, naye aliitikia huku amekodoa macho. Suruali ilinisaidia siku mbili. Siku ya tatu nyani walishanijua kwa mwendo, kwa sauti, sijui kwa nini, wakarudi. Shemeji alipita akaona mistari miwili ya juu imebaki mabua matupu. "Nilisema mimi," akaniambia, na akatabasamu.

Jioni ile nilikaa nikafikiri kwa hasira, na hasira ikinikaa vizuri huwa inanipa akili. Nyani hamwogopi mwanamke anayemwona. Mimi walikuwa wananiona tangu asubuhi hadi jioni. Je, wasiponiona? Na kujificha, jamani, kuna mwanamke wa ukoo ule asiyejua kujificha? Tumefundishwa kwa miaka. Najua kuingia majanini bila kutikisa jani. Najua kusimama nyuma ya mgomba kwa muda mrefu bila kikohozi wala chafya, mtoto mgongoni, mpaka fimbo ya mzee ipite na kupotelea mbali. Elimu hiyo niliipata bila cheti.

Nikaanza kufika alfajiri, kabla hawajashuka. Sikuwasha moto. Nilikula viazi baridi. Nilijibanza kwenye majani marefu pale njia yao inapogusana na njia ya watu, na pembeni yangu niliweka mawe na debe bovu. Dume lilikuja likitanguliza pua, likanipita karibu kiasi cha kusikia harufu yake, ya vumbi na mkojo. Nikaliacha lipite hatua mbili. Kisha nikainuka na debe langu.

Sijawahi kuona mnyama mkubwa akiruka namna ile. Kundi zima lilipiga kelele, majike wakakwapua watoto, wakapanda mwamba bila kuangalia nyuma. Kesho yake nilijificha kona nyingine, keshokutwa ndani ya mahindi yenyewe. Wakawa hawajui niko wapi. Baadhi ya siku sikuwepo kabisa, nilikwenda mnadani, na bado hawakushuka. Walikaa juu wakichungulia, wakisukumana nani atangulie. Nilifurahi kupita kiasi, sioni sababu ya kuficha.

Shemeji hakuamini kuwa mahindi yamesimama. Watu walimwambia naye akasema wanamtania. Wiki ya mwisho kabla ya kuvuna akamchukua baba mkwe wakapanda pamoja, naye ameshika simu tayari kupiga picha za hasara, ili mzee aseme neno la mwisho papo hapo shambani.

Mimi nilikuwa kwenye maficho yangu ya kwanza, pale njia mbili zinapogusana. Kwa mbele, dume lilikuwa limeteremka baada ya siku nyingi, liko hatua kumi kutoka mstari wa kwanza, na nyuma yake kundi zima limesimama linangoja lione litakalotokea. Kwa nyuma yangu nikasikia shemeji akizungumzia picha za hasara, na fimbo ikigonga mawe. Kisha kikohozi.

Miguu yangu yenyewe ilitaka kuruka korongoni. Miaka kumi na mmoja si mchezo. Ningeruka, mzee angepita kwa heshima zote, na dume lingeona kitu kinakimbia na njia iko wazi. Shemeji angepata picha zake. Sikuruka. Nilisimama katikati ya njia, na suruali ya marehemu, bila kitenge.

Dume halikukimbia mara hii. Lilinikazia macho, likainua nyusi mpaka kope zake nyeupe zikaonekana, likapiga mwayo. Kwa nyani mwayo si usingizi, ni kukuonyesha meno, na meno yale watu husema yanamshinda chui. Nilimfokea kwa Kinamwanga cha kwetu, maneno ambayo hayaandikiki, nikarusha jiwe likampata begani. Akageuka. Aliondoka polepole, kama mtu mzima anayejifanya alikuwa anaondoka tu, na kundi lake likamfuata.

Kisha nikageuka na mimi, na baba mkwe alikuwa mbele yangu.

Ilikuwa sura ya mume wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Macho yale yale, taya lile lile, vimezeeka tu. Nilitaka kuinama kwa ajili ya machozi na si kwa ajili ya mila. Sikuinama.

"Wewe mwanamke!" shemeji alipayuka. "Humwoni mkwe wako?"

"Namwona," nikasema. "Na nyani nawaona. Nikimpisha mmoja, wengine wanaingia. Na wewe, shemeji, nyani haoni kundule, piga basi hiyo picha ya mahindi uliyokuja kuipiga."

 Mzee alishusha macho, akaacha njia, akazunguka kupitia kwenye majani yenye umande, fimbo mkononi, mpaka akanipita. Yeye ndiye aliyenipisha.

Sikudhani yameisha, na hayakuisha. Kusimama njiani mbele ya mkwe ni kosa, na kosa lina faini. Shemeji alilishikilia hilo kwa mikono miwili. Mama mkwe alitumwa kuniambia nipeleke chochote cha kuomba radhi, kuku au hata chumvi, wazee wamekaa wanangoja. Niliyatazama mahindi niliyoanza kuvuna nikamjibu kwamba naja.

Nilijaza debe, nikakoboa, nikasaga mashineni, nikajitwika unga wa shamba la mwambani mpaka jikoni kwa mama mkwe. Nilisonga ugali mwenyewe. Mama mkwe aliuingiza sebuleni na bakuli la mboga, akasema, "Faini ya mkwe wenu hii hapa. Ni mahindi ya mwambani, ya mwaka huu." Nikasikia maji ya kunawa. Kisha maji yakakoma katikati, na hapo nilijua shemeji ameelewa: ukiikubali faini umekubali kuwa shamba limezaa, na ukiikataa umeliacha kosa bila kulipwa. Alinong'ona jambo sikulisikia.

Mzee akasema, "Nyamaza, tule."

Walikula wote. Mama mkwe alitoka na sahani tupu, akazigeuza mbele yangu nizione, nami nikajifunga kanga nikarudi mwambani kumalizia kuvuna shamba langu.