Mguu wa Rusana

Miaka thelathini na mmoja Rusana alishona kola za mashati kiwandani, na kola haitaki mtu mwenye pupa. Labda ndiyo maana ni yeye, si walimu wala wenye maneno mengi, aliyewakusanyia watu wa Varovik saini. Serikali ilikuwa imeruhusu machimbo ya mawe juu ya chemchemi yao. Rusana akaisoma sheria kwa miwani ya marehemu mumewe, akagundua kwamba saini zikitosha, kijiji kinaweza kuitisha kura. Kipupwe kizima alibisha hodi nyumba kwa nyumba. Vikongwe waliogopa kutaja namba ya kitambulisho kuliko kutaja umri. Mmoja alikuwa amekificha chake ndani ya unga, ikabidi kikung'utwe kwanza.

Saini zikatimia, kura ikapangwa Jumapili moja ya Mei. Sharti lilikuwa moja: wasipojitokeza watu mia mbili arobaini na wanne, hata wote wakiyakataa machimbo, ni kazi bure.

Meya hakuwa mjinga. Hakuyatetea machimbo hata kwa neno moja. Aliwaambia watu wake wakae nyumbani, basi. Kwa hiyo atakayeonekana akienda kupiga kura amekwisha kujulikana ni mpinzani kabla hajashika kalamu. Eti kura ya siri! Mlango wa shule ya kupigia kura unatazamana na mkahawa, na Varovik kila dirisha lina macho.

Wenye moyo walipiga kura asubuhi. Waoga wa mtaani kwake walimwambia, "Tangulia wewe, Rusana, sisi tuko nyuma yako." Saa kumi alasiri akavaa koti lake la sikukuu akaenda kuwatangulia.

Kwenye benchi la nje ya shule alikuwa amekaa Plamen, kitinda mimba wake, dereva wa meya, daftari magotini. Wale wakubwa wawili wako Ujerumani siku nyingi.

"Unafanya nini hapa, we mtoto?"

"Naandika wanaoingia. Mama, rudi nyumbani, nakuomba."

"Niandike na mimi. Jina langu unalijua."

"Ukiingia, kesho sina kazi. Na nisipokuandika, Dimo, mtu mwingine wa meya, yuko pale mkahawani, naye anaandika." Akainamisha kichwa. "Dada ameshatupatia chumba kule Ujerumani. Tulichokuwa tunasubiri ni sababu tu."

"Na mjukuu wangu Raya?"

"Raya ana miaka minne, mama. Nitamwacha na nani?"

"Na mimi!"

"Hapana. Mtoto tunaondoka naye."

Rusana alishikwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Mlango ulikuwa hatua sita tu. Akakaa kwenye benchi kando ya mwanawe, apumue kidogo, alijiambia.

Ndipo akatokea Stamena, jirani yake, na nyuma yake wenzake wa mtaani, kumi kwa jumla.

"Shoga! Umeshaingia?"

Akisema ndiyo, wataingia wote. Akisema ndiyo, Dimo naye atasikia, na Raya ataondoka. Rusana akajisugua goti.

"Mguu unaniuma," alisema.

Stamena akalitazama daftari, akamtazama Plamen, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Pole. Basi kama wako unauma, yetu sisi imevunjika."

Wakageuka wote kumi. Hakuna aliyempigia kelele, na hilo lilimchoma zaidi. Aliendelea kukaa palepale mpaka mlango ulipofungwa.

Waliojitokeza walikuwa mia mbili thelathini na watano. Walipungua tisa. Rusana hakuhitaji karatasi kumjulisha hao tisa walikuwa wapi.

Plamen akamfungulia mlango wa gari la meya, akamshika mkono ili apande vizuri.

"Asante, mama," alisema.

Afadhali angemtukana.