Makofi Aliyopewa Mgeni

Jumamosi, kwenye mteremko wa Majengo, nilimkuta dada mmoja mzungu, mwalimu wa kujitolea, akitembezwa mjini. Alikuwa ametoka kupanda Mlima Goma kutazama ziwa. Sasa aliomba kujaribu chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo.

Mwenye chukudu akashusha magunia yake ya viazi, akamwonyesha mgeni pa kuweka goti kwenye ule ubao. Dada akateremka mita ishirini, bila mzigo, akicheka. Wauza mboga wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote alikuwa mke wa mwenye chukudu, naye muuza mboga hapo. Mume hakuangalia chukudu yake inakokwenda. Alikuwa anaangalia mikono ya mkewe.

"Mama, miaka kumi ninateremukaka hapa na viazi. Haujanipigia makofi hata siku moja."

"Papa, weye unateremukaka na uso ya kukasirika. Nipige makofi ya nini?"

Wateja wakacheka. Mume hakucheka. Akapakia magunia, akasukuma chukudu mpaka juu, akaigeuza, akateremka kwa kasi, meno yote nje. Aliposimama mbele ya meza ya mkewe, mama akapangusa mikono kwenye kitenge, akapiga makofi mawili.

"Ni hiyo tu?"

"Shusha viazi kwanza."

Akashusha, huku akipiga mluzi.

Nyumbani nilifungua simu yangu. Mgeni nimempiga picha tisa. Mwenye chukudu yumo katika moja, nusu, ameshika gunia.