Kitabu Kilichokunjwa Kona

Shuleni walimwita Mwalimu Sikio, naye alijua. Katikati ya somo, darasa likiwa kimya linanakili ubaoni, alikuwa na desturi ya kusimama ghafla, chaki mkononi, akainamisha kichwa upande wa dirishani kama mtu aliyeitwa. Wanafunzi walikonyezana. "Simu imeingia hiyo," walinong'ona. Yeye alikuwa akisikia ukurasa ukifunuliwa, mmoja tu, taratibu, kwenye dawati la tatu kutoka mbele, ambalo halikuwa na mtu.

Kiingereza alikipata kwa njia ya pembeni. Baba yake mdogo alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, meza ya kukunja na kushona vitabu, na karatasi zilizoharibika alizileta nyumbani za kuwashia moto. Nyingi zilikuwa za vitabu vya hadithi. Yeye, angali mtoto, alizikwapua kabla hazijafika jikoni. Zilikuwa mafungu ya kurasa kumi na sita, hayana kichwa wala mkia: mtu anakimbia, hujui anakimbia nini; bibi harusi analia, hujui kwa nini. Neno asilolijua alilipita kimyakimya, kama mtu anavyompita mbwa aliyelala, na alipokutana nalo mara ya tatu au ya nne lilikuwa limeshamzoea. Alipoingia sekondari lugha ilikuwa tayari imo ndani yake, haijulikani imeingilia mlango gani.

Aliyelelewa na hadithi ungetazamia alee wengine kwa hadithi. Haikuwa hivyo. Alianza kufundisha shule ya msingi bila cheti, akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa sekondari yenye wanafunzi sitini kila darasa. Wiki ya kwanza mkuu wa shule alimpeleka mbele ya matokeo yaliyobandikwa ukutani. "Unaona huo mkia? Ndio sisi. Hadithi haziji kwenye mtihani, kijana." Naye akaishika sarufi kwa mikono miwili. Alijaza ubao, akafuta, akajaza tena. Kalamu nyekundu haikutoka mfukoni mwake. Mwaka wa tatu shule ikatoka mkiani, akapandishwa kuwa mkuu wa idara, na maneno yale ya bosi wake yakawa yake.

Ndipo alipokuja msichana wa dawati la tatu. Alama zake za Kiingereza zilikuwa za kuhurumiwa, lakini kila alipogeukia ubao, mwalimu alisikia ukurasa ukifunuliwa chini ya dawati. Mara ya kwanza alimkanya. Mara ya pili alimsimamisha. Mara ya tatu alinyoosha mkono apewe kitabu.

"Mwalimu, niachie leo tu. Kesho nakuletea mwenyewe."

"Utakichukua siku ya kufunga shule."

"Mwalimu, kuna mtu ananisubiri nacho."

"Mwambie huyo mtu hadithi haziji kwenye mtihani."

Darasa likaangua kicheko. Msichana akakunja kona ya ukurasa aliofikia, akakitoa kitabu kwa mikono miwili, akakaa.

Siku ya kufunga shule hakuwepo. Homa ilimshika Jumatatu. Alhamisi wanafunzi wawili walisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, kila mmoja akimsukuma mwenzake aseme.

Mwalimu alikwenda msibani na kitabu ndani ya koti. Alimwona mama wa marehemu, dobi wa mtaa wa nyuma ya soko, amekaa mkekani katikati ya wanawake. Akakaa mwisho. Akarudi nacho.

Baada ya hapo alibadilika, na watu wakamsifu bila kujua wanachokisifu. Alianzisha sanduku la vitabu vya hadithi, na kipindi kimoja kila wiki darasa lilisoma tu, pasipo mtihani wala wino mwekundu. Waliopita mikononi mwake walimwandikia barua kutoka vyuoni na maofisini, wakimshukuru. Alizipanga kwa tarehe. Lakini kila barua ilipofunguliwa, karatasi ililia, naye akageuka kutazama nyuma. Kile kitabu kilikaa droo ya chini miaka ishirini na miwili, hajakifungua hata siku moja.

Siku ya kustaafu alikabidhi funguo, rejista na sanduku. Mkewe akamwona anarudi na kitabu kwapani.

"Vyote umekabidhi, mume wangu. Hicho utamkabidhi nani?"

Kesho yake alasiri akaenda kukirudisha, akitumaini kwamba kikitoka mikononi mwake na ile sauti itatoka.

Dobi alikuwa barazani, pasi ya mkaa mkononi, nywele zimekuwa pamba.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwalimu."

"Kumbe unanijua?"

"Nikusahau? Ulikuja msibani na koti, jua linachoma. Ukakaa mwisho, ukaondoka hata maji hujanywa."

Njia nzima alikuwa amepanga sentensi zake. Akatoa kitabu. "Mama, hiki nilim..."

"Ndicho!" Dobi akaiweka pasi pembeni. "Mwanangu aliniambia, mwalimu amekipenda, amekiazima, akimaliza atarudisha. Miaka ishirini na miwili! Unasoma polepole, mwalimu."

Mwalimu akakosa pa kuweka uso. Mtoto yule alikuwa amemsitiri.

"Kaa," dobi akasema, akimsogezea kigoda. "Mimi shule sikuiona. Kila jioni nikipiga pasi alikuwa akinisomea, anageuza kwa Kiswahili. Tuliishia mlangoni. Msichana amevuka milima na barua ya kumpa mama yake, amefika, amebisha hodi. Mwanangu akasema, kesho nitakwambia kama mama alifungua. Kesho yake ukakiazima. Nikamwambia nimalizie hivihivi. Akasema bila kitabu haiwezekani. Haya, nisomee. Alifungua?"

Mwalimu akafungua penye kona iliyokunjwa. Palikuwa na mzee tarishi, amejikunyata chini ya daraja, anangoja mvua ikatike. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, miwili, kumi. Akaenda mbele. Msichana hakuwemo. Mama hakuwemo. Katika kitabu kizima hapakuwa na mlango uliobishwa. Labda mtoto hakuelewa alichosoma. Labda alielewa yote akataka mengine. Wa kumuuliza hayupo.

"Mama, hapa kuna kosa..." alianza, kwa mazoea ya miaka. Kisha akaona dobi ameinyanyua tena pasi, ameishika hewani juu ya shati, haishuki.

Maishani mwake hakuwahi kusoma neno lisiloandikwa.

"Alifungua," akasema, macho kwenye mvua ya yule tarishi. "Alifungua kabla ya hodi ya pili."

Akafunua ukurasa. Ilikuwa sauti ileile.

Dobi alishusha pasi, akanyoosha mkono mmoja wa shati, akahamia wa pili.

"Mwanangu naye alikuwa akifunua haraka hivyo," akasema. "Kusoma sijui, ila macho ninayo. Anayesoma, macho hutembea. Ya mwanangu yalikuwa yananitazama mimi. Yako yamesimama palepale."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nauliza habari za msichana. Barua ilisemaje?"

Mwalimu alitazama ukurasa, akatazama mikono yake. "Sijafika hapo."

"Basi rudi nacho. Nikae nacho cha nini mimi? Kesho nina mashuka mengi, uje unisomee. Na usiazime tena miaka."

Alitoka na mzigo aliokuja kuutua. Alipopinda nyuma ya soko ukurasa ulifunuliwa, karibu kuliko siku zote, kana kwamba kuna mtu anatembea naye bega kwa bega akitafuta walipoishia. Hakuinamisha kichwa. Alikuwa akiwaza barua ile ingeanzaje. Kwenye duka la kona alinunua penseli, maana mfukoni mwake mlikuwa na kalamu moja tu, nayo ni nyekundu.