Kilio Chenye Machozi

Jumanne asubuhi, kwenye duka la dawa hapa mtaani Pipeline, jirani yangu wa ghorofa ya juu aliingia amembeba bintiye mgongoni kwa leso. Mtoto alikuwa akilia bila chozi hata moja.

“Nipe ya kufunga tumbo,” akamwambia dada muuzaji. “Anaendesha tangu jana. Hata maji nimemnyima, ndiyo tumbo likauke.”

“Baba, kinachokauka si tumbo. Ni mtoto. Hata machozi yamemwishia.”

Dada yule akachanganya pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini na maji safi, kwa kipimo chake. “Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja kidogo, uendelee. Akikataa, mbio hospitali.”

Jamaa akapokea kikombe na kijiko. Alikaa palepale kwenye kreti ya soda, kijiko baada ya kijiko, simu ya kazini ikilia mfukoni asiiguse. “Kunywa, mami. Kidogo tu.”

Alasiri kilio kikali kilishuka ngazi za ploti yetu, kikifuatwa na sauti ya baba: “Njooni muone! Analia na machozi!”

Kwetu mtoto akilia, majirani hufunga milango. Siku hiyo tulifungua yote.