Haidrenjia ya Mjane

Mume wangu ni mtunza bustani, na mgongo wake umekwisha. Hata kitandani hageuki bila kuguna. Bosi wake ni mjane, mwalimu mstaafu, na nyuma ya nyumba yake kuna kichaka cha haidrenjia, yale maua ya mafungu makubwa, kilichopandwa na marehemu mumewe. Mume wangu alipomuaga akisema amechoka, mjane akamsihi: "Mzee wangu, nivumilie mpaka kichanue. Nikishaliona ua la marehemu, nenda kapumzike." Na huyu wangu alivyo na haya, akakubali.

Weee! Kichaka kilinawiri majani ya kulishia mbuzi, lakini ua hata la dawa hakuna. Mwaka wa kwanza tukalaumu baridi, wa pili jua. Subira huvuta heri, wanasema; yangu ilivuta mafuta ya kuchulia mgongo. Mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikamfuata huko huko kazini nimrudishe nyumbani.

Nilimkuta anajaza maji ndoo, na mjane kashika mkasi, anakata vijiti vya kichaka vyenye vichipukizi nchani. Sasa, haidrenjia ile huchanua kwenye tawi la mwaka uliopita. Ukilikata tawi, umelikata ua. Hata mimi wa jikoni najua.

"Kumbe ni wewe, mama!" nilimaka. "Mzee wa watu anaumwa, wewe unamzuia kwa mkasi?"

Mjane aliketi pale pale kwenye nyasi. "Akiondoka, asubuhi nani ataniuliza nimeamkaje?"

Nikamgeukia mume wangu anisaidie kusema. Alikuwa anatazama ndoo.

"Nilijua zamani," akasema. "Ningefanyaje? Yuko peke yake."

Hapo hasira yangu yote ikamhama mjane, ikamwangukia yeye. "Na mimi je? Unatoka nimelala, unarudi hoi, unakula, unakoroma. Mimi nani ananiuliza?" Nililia mbele ya mtu baki, wala sikujali.

Aliiweka ndoo chini. Tukarudi nyumbani, tukala, tukalala.

Asubuhi nikahisi mkono begani.

"Mke wangu, umeamkaje?"

"Nimechoka."

"Hata mimi," akasema. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniomba nimfunge kamba za viatu vya kazi, maana hawezi kuinama. Nikamfunga.