Wimbo wa Kuchimba Hauimbwi Umekaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia nikiwa nimekaa tu hapa nyumbani Kabati, chai ikipoa, macho wazi lakini mtu akinisemesha simsikii. Binti yangu husema, "Baba ameenda Mbooni tena." Hakosei. Huwa nimeenda. Naiona ile njia ya kupanda mlima, ukungu umelalia migomba, na wanafunzi wangu mbele yangu wakitokea na kupotea, wakitokea na kupotea, hata najiuliza kama yalitokea au niliyaota. Uzee una ndoto zake za mchana.

Uliponipigia simu juzi ukaniambia kwamba utawapeleka wanafunzi wako wa Matiliku kwa wazee wakawarekodi habari za kale za huko kwenu, nilifurahi mpaka nikasahau kukuuliza habari za watoto. Nisamehe. Lakini kabla hujawapeleka, maadamu umefika, kaa nikusimulie habari ya Susu Kalekye. Sitakuchelewesha. Ah, nadanganya, nitakuchelewesha. Wewe vumilia tu.

Nilikuwa mwalimu kijana, suruali pana, kichwa kimejaa mambo ya chuo. Huko chuoni walituambia historia si kitabu peke yake. Kuna barua, kuna picha, kuna vyombo vya kale, na kuna kinywa cha aliyekuwepo. Nikatazama nje ya dirisha la darasa nikaona ushahidi umejaa mlima mzima. Matuta, mwanangu! Mbooni yote imekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, na watoto wangu walikuwa wakiyapita kila asubuhi bila kujua nani aliyachimba. Wengine walidhani Mungu aliumba mlima ukiwa hivyo.

Basi nikawaambia, nendeni mkaulize nyumbani. Nani kwenu alichimba? Wakarudi na majibu mengi. Kwamba ya kwanza yalichimbwa kwa kulazimishwa, wakati wa mkoloni, watu wakinung'unika. Kwamba baadaye kina mama walichimba kwa hiari yao, kwa mwethya, lile kundi la majirani linalolima leo kwako na kesho kwangu. Darasa lilikuwa na kelele tamu siku hiyo, kila mmoja akimtaja nyanya yake.

Isipokuwa Wangari. Huyu alikuwa binti wa mwenye duka pale sokoni. Ukoo wao ulitoka Murang'a, huko kwa Wakikuyu, miaka mingi nyuma, lakini watu bado waliwaita wageni. Kwa upole, unajua, upole ule unaouma. Shosho yake, mama wa babake, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu, huyu hana tuta hapa. Aandike ya kwao!" Darasa likaangua kicheko. Nilikinyamazisha, nikaendelea na somo.

Jioni akanifuata nje ya ofisi. Akaniambia babake amechoka na maneno ya watu, anataka kumhamisha muhula ukiisha, ampeleke akasome kwao.

"Na wewe wataka kwenda?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu, mimi kwetu ni hapa. Ni vile tu sina pa kuonyesha."

Mwanangu, niliumia. Nilikwenda kulala na neno hilo nikaamka nalo.

Jumamosi iliyofuata nikawapandisha mlimani kwa Susu Kalekye. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na yule mama alikuwa susu wa kila mtu. Niliambiwa ndiye aliyekuwa akiwaimbisha kina mama wa mwethya zamani. Nikaazima redio ya kaseti kwa mwalimu mkuu, nikatia betri mpya. Wangari akaomba aibebe yeye, angalau awe na kazi. Mvua za msimu zilikuwa zinanukia, mawingu yamekaa chini kabisa, na tulipofika tulisikia jembe kabla ya kumwona mtu.

Tulimkuta shambani peke yake. Tuta lake la juu lilikuwa limebomoka, udongo umeanza kuteremka, naye alikuwa akilichimba upya kidogo kidogo, mama mzee yule. Tukamwamkua kwa heshima. Kisha nikaweka redio juu ya jiwe, nikawaketisha wanafunzi kwenye nyasi, kalamu mkononi, nikasema, "Susu, tumekuja utuimbie wimbo wa matuta."

Akatutazama. Akaitazama redio. Akaitazama mikono yetu, mmoja baada ya mwingine. Halafu akacheka, akacheka mpaka akaegemea mpini.

"Mwalimu, wimbo wa kuchimba unaimbwa umekaa? Huko kanisani kwenu mnabatiza mtu bila maji?"

"Susu, ni maneno tu tunataka, tuyaandike."

"Maneno yako kwenye jembe. Mkono mtupu haulambwi, na wewe umeniletea darasa zima la mikono mitupu! Mvua ndiyo hiyo inakuja. Udongo wangu ukishafika mtoni, wimbo utanisaidia nini?"

Nilikasirika kidogo, nisikufiche. Shati nilikuwa nimelipiga pasi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikakunja mikono ya shati, nikawatuma wanafunzi kwa majirani, wakarudi na majembe na sepetu, tukajipanga mstari mmoja mrefu kandokando ya lile tuta lililobomoka.

Kazi yenyewe waijua: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu. Vijana wakaanza kuutupa chini kwa uvivu. Weee! "Juu!" akafoka Susu. "Ukitupa chini unamlimia mtu wa bondeni! Juu!"

Tukachimba. Ukungu ukatuzunguka mpaka nikawa siwaoni wa mwisho wa mstari, nasikia tu majembe yao. Sijui tulichimba kwa muda gani. Kisha sauti ikaanza, nzito, ya chini, nikadhani kuna mwanamke mwingine amefika. Kumbe ni yeye. Aliimba mstari, akatuonyesha kwa kichwa pa kuitikia, nasi tukaitikia huku tukirusha udongo. Tupa juu! Aliimba kwa Kikamba, nami nakupa maana tu, utamu wenyewe umebaki kule mlimani.

Wimbo wa mwethya, mwanangu, huita watu kwa majina. Mwimbishaji humtaja kila mchimbaji mahali aliposimama, humtania asichoke. Na Susu hakuwaita wanafunzi wangu. Aliwaita wale waliochimba tuta lile mara ya kwanza, kwa mpangilio waliosimama. Akamwita Mutheu, mzuri wa sura mzito wa jembe, tupa juu! Akamwita Syombua, aliyekuja na mtoto mgongoni na bado akawashinda, tupa juu! Wanafunzi wakapiga kelele, "Huyo ni nyanya yangu! Huyo ni wetu!" Kisha akaimba:

"Nyambura wa dukani, tupa juu! Chumvi umeiacha kwenye mizani, tupa juu! Kikamba chako kina mawe, tupa juu! Lakini jembe lako halina kigugumizi, tupa juu!"

Jembe la Wangari lilibaki hewani. Akalishusha polepole, akaanza kulia, kilio cha kwikwi, kama mtoto mdogo.

"Unalia nini, mama?" Susu akauliza.

"Nyambura ni shosho yangu. Yule wa dukani. Ni mama wa baba."

Mstari wote ukashusha majembe. Susu akaja, akamshika kidevu kwa mkono wenye udongo, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akamshika mabega, akamsogeza kutoka mwisho wa mstari alikokuwa amejibanza, akamleta mpaka katikati. Kijana aliyesema hana tuta ndiye aliyekuwa amesimama pale. Alisogea akampisha bila kuambiwa.

"Simama hapa," Susu akasema. "Mimi nilikuwa hapa, yeye hapo ulipo. Nilikuwa nikimsikia akihema. Haya, inua jembe, tunachelewa."

Redio hakuna aliyeikumbuka. Wimbo tuliuandika siku zilizofuata, kila mwanafunzi akileta mstari aliousikia. Tukarudi kumsomea Susu, akatusahihisha. Tukamsomea mama mwingine, naye akasema Mutheu alisimama mbele ya Syombua, si nyuma. Tukayaandika yote mawili, na nani alisema lipi.

Jumamosi nyingine duka la kina Wangari likafungwa mchana, nikamwona babake akipanda mlima na jembe begani. "Mwalimu, nionyeshe," akaniambia. Nikamwonyesha. Alisimama pale akaipitisha mikono yake juu ya udongo. "Mama hakutuambia," akasema. "Sisi tulijua aliuza chumvi tu." Habari za kuhama sikuzisikia tena. Wangari alimalizia masomo kule kule.

Sasa sikia nasaha yangu, mwanangu, maana najua maji yako ya kuoga yameshapoa. Ukienda kwa mzee, usifike kama mtu aliyetumwa kuchota. Mkute kwenye kazi yake, ushike upande wa pili, kwa maana mambo mengi hayakai kinywani, yanakaa kwenye mikono na hutoka mikono ikisogea. Alichokuambia mmoja, mpelekee mwingine. Wakitofautiana usiogope wala usichague unayempenda, andika yote. Na kabla hujamwambia mtoto yeyote kwamba hapa hana historia, nenda kaangalie vizuri. Chimba kwanza. Wengi waliojenga mahali hawakuzaliwa hapo, na wengi waliozaliwa hapo hawajui waliojenga.

Nenda basi. Mungu akulainishie ulimi na akukazie mikono. Wazee wa Matiliku wakufungulie milango, mvua ikunyeshee kwa kiasi, na mtoto asiwepo hata mmoja darasani mwako atakayekosa mahali pa kusimama. Amina, mwanangu. Amina.