Baba Nyuma ya Minyaa

Kalisti alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, huko kijijini kwao karibu na Shinyanga. Baba yake aliamini kwamba ulimi mzito hulainishwa kwa kofi. Neno likikwama, kofi lilifuata, mpaka Kalisti akajifunza kuliogopa neno hata kabla hajalitamka. Machungani, peke yake na ng'ombe, aliongea vizuri. Akiimba hakukwama kamwe. Ila mbele ya baba yake alikwama.

Alipokuwa kijana alikwenda Geita kwenye mgodi wa dhahabu, akapangiwa kazi kwenye kinu cha kuponda mawe. Kelele zake zilikuwa kubwa mno, watu wakizungumza kwa ishara za mikono. Wenzake waliichukia kazi ile, yeye aliipenda. Mle ndani, ambamo hata mwenyewe hakuisikia sauti yake, maneno yalimtoka bila kukwama.

Alimwoa Paskalia, msichana wa Kizinza aliyekuwa na subira ya kumngoja amalize anachosema. Mwaka 1941 walimpata binti, wakamwita Scolastika.

Mtoto alipoanza kuunga maneno, siku moja aliomba maji.

"Ma-ma-maji, baba."

Paskalia alitabasamu, akamchotea. Watoto wengi wa umri ule hurudiarudia maneno, kisha huacha. Lakini Kalisti aliyazuia maji.

"A-anza upya," alimwambia mtoto. "Po-polepole. Vuta pumzi."

Mtoto akaanza upya, ndipo akapewa maji. Kesho yake ikawa vivyo hivyo kwa uji, na siku zilizofuata kwa kila kitu. Kalisti hakumpiga hata mara moja. Alimwinamia, akamshika mabega kwa upole, akamkazia macho mdomoni, akiamini kwamba anamwokoa. Scolastika naye akazoea kuutazama uso wa baba yake kabla ya kufungua kinywa. Alipotaka maji akanyoosha kidole tu. Baadaye akawa anafumba macho na kupiga mguu chini ili neno litoke, kama Kalisti mwenyewe.

"Akiwa na mbuzi anaongea vizuri," Paskalia alisema jioni moja. "Namsikia. Akisikia viatu vyako tu, basi."

"Na-namsaidia, Mama Scolastika."

"Najua. Lakini mtoto haogopi maneno. Anaogopa uso wako unapomsikiliza."

Kalisti aliacha kumsahihisha. Uso, hata hivyo, haukumtii. Neno la mtoto likianza kutetereka, yeye alibana pumzi, na mtoto akaona.

Ndipo akampeleka kijijini kwa mama yake, Bibi Mbuke, ambaye wakati huo alikuwa mjane.

"Mayu," alimwomba mama yake, "a-akikwama, we-wewe endelea tu kupepeta mtama wako."

Scolastika alilishika shati lake akilia. Kalisti alimbandua vidole kimoja kimoja, akapanda lori la pamba, akaondoka.

Mwaka uliofuata alirudi na khanga na sukari. Kabla hajafika langoni alimsikia binti yake nyuma ya ua wa minyaa, akimsimulia bibi jinsi fisi alivyoingia zizini. Mara moja moja neno lilitetereka. Mtoto akalipita, akaendelea, akacheka. Kalisti akaingia kwa furaha. Scolastika alimkimbilia, akafungua mdomo, "Ba-ba-ba," kisha akafumba macho, na mguu ukapiga chini.

Tangu siku hiyo Kalisti hakuingia tena. Kila alipopata likizo alikwenda, akasimama nyuma ya minyaa akisikiliza, kisha akamwachia jirani, mzee Theonest, mzigo wa zawadi za mtoto, akageuza. Paskalia ndiye aliyeingia na kukaa siku nyingi, naye mumewe alimkataza kusema kwamba yeye yuko nje.

Mwaka 1959 Scolastika aliolewa na Januari, mchuuzi wa samaki kutoka Chato. Siku ya harusi, kijijini kwa bibi, alikuja kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Ma-marahaba."

"Naomba nikuulize, baba. Nilikukosea nini hata ukanitupa kwa bibi?"

Aliyasema yote bila kukwama. Kalisti alijaribu kujibu. "Si-si-si..." Taya likakakamaa, jasho likamtoka. Scolastika aliinamisha macho kwa heshima, akangoja. Wageni wakaanza kumwita.

"Basi, baba. Yamekwisha," alisema kwa upole, akainuka.

Paskalia alitaka kumfuata amweleze. Kalisti alimshika mkono.

"A-akikumbuka alivyokuwa akikwama, ataanza tena kujisikiliza," alisema. "Mwa-mwache. Anaongea."

Asubuhi Scolastika aliondoka na mumewe, akiwaaga majirani mmoja mmoja kwa majina yao na kuwatania. Mama yake alimkumbatia kwa muda mrefu. Baba yake alimpa mkono tu.